Mjumbe na Mali ya Waliomtuma

Wazee wetu walisema, Mjumbe hauawi. Basi twauliza: mtu aliyepewa heshima kubwa namna hii awiwa nini na wale waliomtuma?

Wako wasemao ya kuwa kazi ya balozi ni kupeleka salamu na kutengeneza amani, wala si mambo ya sokoni. Sisi hatuoni hivyo. Hapa Korogwe mkonge wakatwa shambani, lakini bei yake hukatwa ng'ambo. Miche yake Hindorf aliileta kutoka Amerika mwaka 1893. Na kamba za plastiki zilipoenea duniani, bei ilianguka, mashamba mengi yakarudi pori. Wakataji hawakukosa bidii. Walihitaji mtu wa kuwapasha habari mapema na kuwatafutia soko jingine.

Ndiyo sababu sera ya mambo ya nje ya mwaka 2001 iliweka uchumi mbele katika kazi ya mabalozi. Lakini agizo bila mafundisho ni jembe bila mpini. Chuo cha Diplomasia kipo Dar es Salaam tangu 1978. Yafaa wanafunzi wake, kabla hawajavuka bahari, waje Korogwe waone mkonge kwenye korona, wafike na Handeni waone mahindi yanyaukavyo mvua ikikosa.

Tena wafundishwe uaminifu, maana ajuaye bei za ng'ambo aweza kujitajirisha nafsi yake. Mjumbe hauawi kwa kuwa maneno si yake. Basi na faida isiwe yake.