Mlango wa Gereza Usipofunguka

Masomo: Matendo ya Mitume 12:1-16, Danieli 3:16-18, Waebrania 11:39



Katika parokia zetu wako watu wanaokuja ibadani na moyo mzito. Mama amefunga na kuomba, lakini mtoto amekufa. Kijana ana diplome, miaka inapita, kazi hakuna. Tangu vita ya mwaka 1996 tunaomba amani mashariki ya inchi yetu, na mwaka 2025 watu walikimbia tena Goma na Bukavu. Basi wengine wanauliza: Mungu anatusikia kweli? Kuuliza hivyo si dhambi. Ayubu aliuliza, Daudi aliuliza, na Bwana wetu mwenyewe alilia msalabani.

1. Yakobo na Petro

Herode alimwua Yakobo kwa upanga, kisha akamfunga Petro. Usiku malaika akaja, minyororo ikaanguka, na mlango wa chuma ukafunguka wenyewe. Mitume wawili, Bwana mmoja, sura moja ya Biblia. Maandiko hayasemi kwamba imani ya Yakobo ilikuwa ndogo. Tena Petro alikuwa amelala, akadhani anaona maono tu. Na wale waliomwombea hawakuamini alipokuja kupiga hodi. Basi tusipime imani ya mtu kwa mlango uliofunguka.

2. Papa Simon Kimbangu na Mama Marie Muilu

Tarehe 6 Aprili 1921, kule Ngombe-Kinsuka, Papa Simon Kimbangu alimponya mama Nkiantondo kwa jina la Yesu. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule alikamatwa. Tarehe 3 Oktoba, huko Thysville, walimhukumu fimbo 120 na kifo. Mfalme Albert aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Wakamleta Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, akakaa gerezani mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Ni miaka 30. Wengine waliponywa kwa maombi yake, lakini mlango wake haukufunguliwa. Hakumwacha Yesu.

Mama Muilu aliwatunza waamini kwa siri miaka hiyo yote. Alifariki tarehe 27 Aprili 1959. Serikali ya wakoloni ililitambua Kanisa tarehe 24 Desemba 1959, miezi minane baadaye. Siku ile hakuiona. Je, maombi yake yalipotea? Sisi tunaoimba leo mchana bila kuogopa askari ndio jibu lake. Waraka kwa Waebrania unasema juu ya watu wa namna hii: walishuhudiwa kwa imani, lakini hawakupokea ahadi wakiwa hai.

3. Imani si biashara

Wengine wanamwambia Mungu: nimetoa nsinsani, sasa unipe kazi. Hayo ni maneno ya sokoni. Wale vijana watatu mbele ya tanuru walisema kwamba Mungu anaweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa, hawatainamia sanamu. Sanamu za leo tunazijua: mganga anayeitwa usiku, na wale wanaouza muujiza kwa dola kwa watu wenye machozi.

4. Tufanye nini?

Tusimwambie aliyefiwa kwamba alikosa imani. Neno hilo linamzika mama pamoja na mtoto wake. Tuende kilioni, tukae chini pamoja naye, tuchange, na mwezi ukipita turudi kumwona. Mgonjwa tumwombee, tumpe maji ya N'Kamba, na tumpeleke lopitali pia. Anayeomba kwa hasira tusimfukuze, maana bado anasema na Mungu. Upendo, Amri na Kazi tulivyofundishwa ni vya siku ya kilio vilevile.

Ndugu, Bwana hakutuahidi kwamba kila mlango utafunguka. Aliahidi kuwa pamoja nasi siku zote, hata ndani ya gereza. Tuendelee kuomba, tuendelee kubisha.

Bwana awatie nguvu wote wanaongoja. Amina.