Mavazi ya Sauli

Neno la msingi: 1 Samweli 17:31–40

Tangu matokeo ya KCSE yatoke, kuna swali nimeulizwa mara nyingi kuliko mengine yote. Mama mmoja wa hapa Kimumu aliliweka hivi: "Pasta, huyu mtoto ana akili, lakini hana haraka na kitu chochote." Amepata B bila kukesha hata usiku mmoja. Mjomba anataka asomee sheria Nairobi. Kijana mwenyewe anasema popote ni sawa. Hiyo "popote ni sawa" ndiyo inamnyima mama usingizi, maana ng'ombe wawili tayari wametengwa kwa ajili ya karo.

Tumtazame Daudi. Samweli alipofika nyumbani kwa Yese, baba mtu hakuona haja ya kumwita. Yuko na kondoo tu huyo. Baadaye vita vinakuja, na Sauli anamvika mavazi yake mwenyewe: kofia ya shaba, dirii, upanga. Sauli alikuwa na nia njema kabisa. Lakini Sauli aliwapita watu wote kwa urefu, kuanzia mabega kwenda juu! Daudi akajaribu kutembea, ikashindikana, akavua. Na tusikose hili: kuvua hakukumrudisha nyumbani. Alishuka bondeni vilevile, na kombeo lake.

Wazazi, jina la chuo ni mavazi. Muulize aliyevaa kama anaweza kutembea.

Halafu angalia Daudi alifunzwa wapi. Machungani hakuna kujificha. Simba akimchukua kondoo leo, ni leo unamfuata. Kijana mwenye akili asiye na haraka anahitaji mahali kama hapo. Kwenye ukumbi wa mamia ya wanafunzi anaweza kukosa mwezi mzima asiulizwe na mtu. Mtakuja kujua wakati wa mtihani. Kwenye karakana, maabara au wodi, asipofika inajulikana siku hiyo hiyo.

Sisemi aache digrii. Mlango wa digrii ni C+, na yeye ameupita. Nasema kabla hamjajaza kozi kwa KUCCPS, fungeni safari. Sisi tumebarikiwa: University of Eldoret iko hapa karibu, Moi iko Kesses, Eldoret National Polytechnic pia ni yetu. Nendeni siku ya masomo, si siku ya sherehe. Waulizeni wa mwaka wa kwanza: darasani mko wangapi? Mwalimu anakujua kwa jina? Masomo ya vitendo yanaanza mwaka gani? Mtu akipotea wiki mbili, nani anampigia simu? Mwacheni kijana aulize; wewe mama shika mkoba wako unyamaze. Mahali atakapouliza swali la pili bila kusukumwa, hapo weka alama.

Kuna wanaochagua chuo cha karibu ili waendelee kumwamsha mtoto asubuhi. Kama ni mambo ya pesa, sawa, hata mimi ningefanya hivyo. Kama ni kumwamsha, utamwamsha mpaka lini?

Nilisomea biashara, kwa hivyo mtanivumilia nikigusa hesabu. Hata Bwana Yesu, Luka 14:28, anataka mjenzi wa mnara akae chini kwanza apige gharama. Karo, nyumba, chakula. Mkopo wa HELB unaandikwa kwa jina la mtoto, na akiacha masomo mwaka wa pili, deni halimwachi. Mketishe mezani, mpe kalamu, ajumlishe mwenyewe. "Popote ni sawa" ikutane na tarakimu.

Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, nitakuwa ofisini na wote wanaojaza kozi. Njooni na kijana mwenyewe. Mjomba pia anakaribishwa.