Wachimbao Ardhi Kutafuta Siri ya Maumbile: Je, Imani Yapaswa Kuogopa?



Katika mazungumzo ya dini mjini Musoma, katika vibaraza vya Bunda na hata Butiama, vijana wa shule huleta maswali ambayo wazee wao hawakuyauliza. Wamesikia ya kwamba huko Ulaya wataalamu wamechimba njia ndefu chini ya ardhi ili wagonganishe chembe ndogo kuliko zote, na ya kwamba sasa wanataka kuchimba nyingine kubwa zaidi. Basi wauliza mambo matatu. Kwanza: je, ni kweli wameona “chembe ya Mungu”? Pili: wakivumbua kesho jambo jipya lisilojulikana, au wasipoona kitu kabisa, imani yetu itasimama wapi? Tatu: je, ni halali kutumia mali nyingi namna hiyo hali wako watu wasio na maji safi?

Maswali haya ni mema. Dini ya kweli haimfukuzi mwenye kuuliza. Hebu tuyatazame moja moja.

Mtambo wenyewe ni nini?

CERN ni taasisi ya utafiti iliyoundwa mwaka 1954 na nchi za Ulaya, nayo iko karibu na Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Humo, kiasi cha mita 100 chini ya ardhi, umo mtambo wa duara wenye mzingo wa kilometa 27, ulioanza kuwashwa mwaka 2008. Mzingo huo haufiki hata masafa ya kutoka Musoma hadi Butiama. Protoni, ambazo ni chembe za kiini cha atomu, huzungushwa humo kwa mwendo unaokaribia sana ule wa nuru, kundi moja likienda huku na jingine likija kinyume chake, kisha hugonganishwa.

Wengi hudhani kazi hii ni kama kupasua nazi ili kuona kilichomo. La, sivyo. Ukipasua nazi hupati ila maji na nyama iliyokuwamo tangu mwanzo. Lakini katika mgongano huu nguvu ya mwendo yenyewe hugeuka kuwa chembe ambazo hazikuwamo ndani ya protoni hata kidogo. Nguvu ikizidi, chembe nzito zaidi zaweza kuzaliwa. Ndiyo sababu wataalamu hutaka nguvu kubwa zaidi kila mara. Na kwa nini duara kubwa? Kwa sababu ni sumaku zinazozipindisha chembe zisitoke njiani. Dereva wa basi ajua ya kwamba kona kali haipitiki kwa mwendo mkali, lakini kona pana hupitika. Hali kadhalika chembe zenye nguvu nyingi zahitaji duara pana.

Hivyo CERN ilitoa mwezi Machi 2025 matokeo ya uchunguzi juu ya mtambo mwingine wenye mzingo wa kilometa 91 hivi, masafa yanayozidi safari ya kutoka Musoma mpaka Bunda. China nayo imechora mpango wake wa duara la kilometa 100. Yote hiyo ni mipango ya miaka mingi. Wengi wa wanaoichora leo hawatakuwapo itakapozaa matunda yake yote.

Juu ya “chembe ya Mungu”

Tarehe 4 Julai 2012 ilitangazwa huko CERN ya kwamba imeonekana chembe iliyokuwa ikitafutwa kwa karibu miaka 50, nayo huitwa chembe ya Higgs. Kwa ufupi, wataalamu hufundisha ya kwamba ulimwengu wote umejaa kitu kisichoonekana, na chembe za asili hupata uzito wao kwa kadiri zinavyohusiana nacho. Wavuvi wa Ziwa Victoria wataufahamu mfano: penye magugu maji mtumbwi mmoja huenda kwa shida na mwingine hupenya kwa wepesi, ingawa kasia ni zile zile. Huo ni mfano tu, wala si jambo lenyewe.

Ama jina la “chembe ya Mungu”, lilienezwa na kitabu cha mwaka 1993 cha mtaalamu wa Marekani, Leon Lederman. Wataalamu wengi hawalipendi. Mwislamu naye hana haja ya kulifurahia wala kuliogopa. Chembe ni kiumbe. Haiumbi, haisikii dua, haisamehi dhambi. Aliyeiona chembe hiyo hakumwona Mungu, wala hakumwondoa mahali pake. Ameona kanuni mojawapo ya kazi Yake.

Mwislamu aliyetangulia katika njia hii

Jambo ambalo vijana wengi wa Mara hawajalisikia ni hili: elimu iliyoiongoza mitambo hiyo ilijengwa kwa sehemu kubwa na Mwislamu Mwahmadiyya. Dr. Abdus Salam alizaliwa mwaka 1926 katika Punjab, akakulia Jhang, mji usiokuwa na umaarufu wo wote wa elimu. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Wamarekani wawili, Sheldon Glashow na Steven Weinberg. Alikuwa Mwislamu wa kwanza kupata tuzo hiyo katika sayansi.

Walionyesha nini? Ya kwamba nguvu ya umeme na sumaku, inayowasha taa nyumbani, na ile nguvu dhaifu iliyomo katika kiini cha atomu, ambayo bila hiyo jua lisingewaka kama liwakavyo, ni nguvu moja iliyodhihirika kwa sura mbili. Nadharia yao ilibashiri chembe nzito, W na Z, ambazo jicho la mtu lilikuwa halijapata kuziona. Mwaka 1983 zilionekana huko CERN. Ile chembe ya mwaka 2012 nayo ilikuwa nguzo ya mwisho ya jengo hilo hilo.

Katika karamu ya tuzo huko Stockholm, Dr. Salam alisoma aya za Sura Al-Mulk (67:4-5). Humo Mwenyezi Mungu amwita mwanadamu atazame uumbaji kama ataona kasoro yo yote, kisha atazame tena na tena, na jicho lake litamrudia limechoka bila kuona dosari. Tafakari, ndugu msomaji! Mungu anayeogopa uchunguzi asingetoa mwito huo. Aliyejenga ovyo hawaiti mafundi waje kukagua ukuta wake.

Hata hivyo yatupasa tuwe wakweli. Wako wasemao ya kwamba kwa kuwa Dr. Salam aliamini Mungu Mmoja, na akagundua umoja wa nguvu mbili, basi fizikia imethibitisha tauhidi. Dr. Salam mwenyewe hakudai hivyo. Aliandika ya kwamba Weinberg, asiyekuwa na dini, aliifikia nadharia ile ile akiwa mbali naye, na ya kwamba kama imani ilimwelekeza yeye Salam kwenye umoja, ilifanya hivyo bila yeye kutambua. Huo ndio unyofu wa mtu mwenye elimu na mcha Mungu.

Na je, jambo hilo laidhuru imani? Hata kidogo. Mola wetu ni Ar-Rahman, atoaye bila kuombwa. Kwa sifa hiyo jua na mvua huwafikia wote. Tena ni Ar-Rahim, asiyepoteza jasho la mwenye kujitahidi. Sura An-Najm (53:40) yafundisha ya kwamba mtu hupata kile alichokifanyia juhudi. Mkulima wa Bunda asiyesali akipalilia pamba yake kwa wakati, atavuna. Na asaliye akiliacha shamba lake porini, hatavuna. Vivyo hivyo Waislamu walipoacha uchunguzi, wengine wakauokota, na Mwenyezi Mungu akawalipa.

Na kama hawataona kitu?

Sasa twafika penye uzito wa maneno. Tangu mwaka 2012 mtambo wa CERN haujaonyesha kwa yakini chembe ya msingi iliyo nje ya nadharia tuliyoitaja. Lakini wataalamu wajua ya kwamba nadharia hiyo haijakamilika. Kwa hesabu zao, maada tuijuayo, yaani nyota, milima, maji na miili yetu, si zaidi ya asilimia 5 hivi ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Kiasi cha asilimia 27 huitwa maada ya giza na asilimia 68 nishati ya giza, na hakuna ajuaye asili yake. Mitambo mipya inatakiwa ili itafute nuru katika giza hilo.

Yaweza kuona, yaweza isione. Dr. Salam mwenyewe, pamoja na Jogesh Pati wa India, alipendekeza mwaka 1973 ya kwamba protoni haidumu milele, bali baada ya muda mrefu mno huvunjika. Huko Japani lilijengwa chini ya mlima tangi lenye tani 50,000 za maji safi, nalo limeangaliwa tangu mwaka 1996. Hadi leo haijaonekana protoni moja iliyovunjika. Ndilo jicho lililorudi limechoka! Lakini Dr. Salam hakuwa ameifunga sala yake kwenye protoni. Alifariki mwaka 1996 akiwa Mwislamu, hali protoni zake hazijavunjika na imani yake haijavunjika.

Basi, wewe uliye mgeni katika Islam, au uliye bado unachunguza, shika neno hili. Usimweke Mungu mahali ambapo wataalamu hawajafika tu. Ukisema, “Mungu yuko pale pasipojulikana,” basi kila mtambo mpya utampunguza Mungu wako, na kila habari ya redio itakutikisa. Wala usiifuate desturi ya wale wanaongoja wengine wachoke kwa kazi, kisha huruka na kusema kila kitu kilikwisha kuandikwa katika Kurani Tukufu. Kama walikijua, kwa nini hawakukisema mapema? Kurani Tukufu haihitaji utetezi wa namna hiyo.

Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alitufundisha ya kwamba neno la Mungu na kazi ya Mungu haviwezi kupingana, maana vyote viwili vyatoka kwa Mmoja. Panapoonekana mgongano, ama neno halikufahamiwa, ama kazi haikuchunguzwa vyema. Tena alitufundisha ya kwamba Mungu wetu yu hai: husikia, hujibu, na husema na waja Wake leo kama alivyosema zamani. Uthibitisho wa Mungu aliye hai hupatikana katika sala ya usiku na katika moyo uliobadilika. Mlevi aliyeacha pombe kwa kumcha Mungu ana ushahidi usiongoja uamuzi wa Geneva.

Juu ya gharama

Hatua ya kwanza ya mtambo wa kilometa 91 imekadiriwa kugharimu kiasi cha faranga za Uswisi bilioni 15, zitakazotumika kwa miaka mingi. Ni mali nyingi. Islam yakataza israfu, na hata miongoni mwa wataalamu wapo wanaopinga mpango huu. Kwa hiyo anayeuliza si mjinga.

Lakini tupime kwa haki. Elimu iliyotafutwa kwa ajili ya kujua tu, mara nyingi huja kuwa rehema. Katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wagonjwa hutibiwa kwa mashine iendeshayo elektroni kwa kasi na kutoa mionzi. Nayo ni ndugu mdogo wa mitambo hii mikubwa. Mtandao wa kurasa ambao vijana huusoma katika simu zao ulibuniwa huko CERN mwaka 1989 na Tim Berners-Lee.

Kipimo cha haki zaidi ni hiki: je, mtoto wa maskini ataruhusiwa kuingia katika elimu hiyo? Dr. Salam aliitumikia haja hiyo maisha yake yote. Mwaka 1964 alianzisha huko Trieste, Italia, kituo cha fizikia ili wataalamu wa nchi changa wasipotee kwa upweke. Sehemu yake ya fedha za Nobel aliitumia kwa ajili ya wanafizikia wa nchi hizo, wala hakujinunulia kitu. Na hapa Butiama ina fungu lake. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa na kuzikwa Butiama, na ambaye alifundisha biolojia kabla ya kuingia katika siasa, aliongoza Tume ya Nchi za Kusini kuanzia mwaka 1987 hadi 1990. Dr. Abdus Salam alikuwa mmoja wa wajumbe wake. Mkatoliki wa Butiama na Mwahmadiyya wa Jhang waliketi meza moja kutafuta jinsi nchi maskini zitakavyojitegemea, na elimu ya sayansi ikiwamo. Leo kituo cha Trieste, chenye jina la Abdus Salam, kina tawi Kigali, Rwanda, lililofunguliwa mwaka 2018. Kutoka Musoma, Kigali si mbali kama Geneva.

Wajibu wetu

Nchi ya Dr. Salam iliitoa Jumuiya yake katika Uislamu kwa sheria ya mwaka 1974, na juu ya kaburi lake huko Rabwah neno “Mwislamu” lilifutwa. Lakini elimu aliyoiacha haikufutika, wala ibada yake haikufutika mbele ya Mola wake. Mwenye kumtumikia Mungu hahitaji jiwe limshuhudie.

Wazazi wa Mara, msimwambie mtoto ya kwamba hesabu na fizikia ni mambo ya makafiri. Mpelekeni shule, binti kama mwana, na kabla hajalala mfundisheni ile dua ambayo Mtukufu Mtume s.a.w. aliamrishwa kuomba katika Sura Ta Ha (20:115), ya kuzidishiwa elimu. Nanyi vijana, someni kwa bidii, na msali kwa bidii ile ile. Wakichimba kilometa 91, ombeni waone haki. Wasipoona, ombeni wasichoke. Anayetafutwa na nyoyo zetu yu karibu, na kumfikia Yeye hakuhitaji kuchimba ardhi, bali kuinamisha kichwa juu yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yanayotazama na nyoyo zinazosujudu. Amin.