Uthabiti na Ukaidi

Kusimama katika rai wakati wengine wote wameihama ni sifa au ni aibu? Swali hili halina jibu mpaka ijulikane rai yenyewe imejengwa juu ya nini. Maisha ya Otto Warburg, mtaalamu wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1883 na kufa mwaka 1970, yanafaa kupimwa kwa swali hilo, maana uthabiti na ukaidi vilikaa pamoja katika moyo wake.

Katika miaka ya 1920, mjini Berlin, Warburg alikata vipande vyembamba vya uvimbe wa saratani, akavitia katika vyombo vya kupimia hewa, akachungua jinsi vinavyotumia sukari. Chembe hai ya kawaida ikipata oksijeni ya kutosha huimalizia sukari yake ndani ya mitokondria, vijumba vidogo vilivyo meko ya chembe, ikavuna nguvu nyingi. Ikikosa oksijeni huichachusha tu, kama maziwa yanavyochacha ndani ya kibuyu, ikaambulia asidi ya laktiki na pato haba. Saratani, ajabu, ilichachusha sukari hata katikati ya oksijeni tele, mithili ya tajiri anayeokota makombo. Warburg alilipima jambo hili, na kipimo chake kimesimama. Hata leo madaktari huutumia uroho huo wa uvimbe: humdunga mgonjwa sukari iliyotiwa alama ya mnururisho, na mashine ikaonyesha mahali ugonjwa ulipojificha.

Lakini kuona ni kazi moja na kufasiri ni kazi nyingine. Warburg alihukumu kwamba upumuaji wa chembe hizo umeharibika, na kwamba uharibifu huo ndio asili ya saratani. Mwaka 1956 aliitangaza hukumu hiyo upya. Mwaka huo huo Sidney Weinhouse wa Marekani alimjibu kwa vipimo kwamba chembe za saratani hupumua vema. Warburg hakuteteleka. Mwaka 1966, mzee wa miaka 82, aliyakariri yale yale huko Lindau mbele ya washindi wa Tuzo ya Nobel, ambayo yeye mwenyewe aliipata mwaka 1931.

Watetezi wake husema kwamba wakati umempa haki. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2000 zimegunduliwa aina chache za uvimbe zitokanazo na kasoro katika vimeng'enya vya mitokondria. Lakini mwaka 2015 ilionekana pia, katika panya, kwamba chembe za saratani zilizonyimwa jeni za mitokondria zilishindwa kukua vizuri mpaka zilipojipatia mitokondria kutoka kwa mwili uliozibeba. Meko yaliyosemwa kuwa yamebomoka kumbe yalihitajiwa hata kuazimwa! Tena, hata kama wakati ungempa haki yote, mtu hupimwa kwa jinsi alivyoupokea ushahidi uliowekwa mbele yake, si kwa bahati ya ushahidi uliokuja baada ya kufa kwake. Mpiga bao aliyesadifu mvua hajawa mjuzi wa mawingu.

Ukaidi huo huo ulijaribiwa mahali pagumu zaidi. Mwaka 1933 Hans Krebs, aliyekuwa mwanafunzi wake, alifukuzwa kazi mjini Freiburg kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi; alikwenda Uingereza, na mwaka 1937 akaeleza mzunguko wa asidi ya sitriki, ambao ndio moyo wa kazi ya mitokondria. Warburg, ambaye baba yake alikuwa wa asili hiyo hiyo, alibaki Berlin. Mwaka 1941 aliondolewa katika cheo chake, kisha baada ya majuma machache akarudishwa ili aendelee na utafiti wa saratani. Wapo wasemao kwamba alikataa kufukuzwa kazini na watu waovu. Hoja hiyo ni nyepesi, kwa kuwa abakiye kwa idhini ya mdhalimu hawezi kusemwa amempinga. Aliipenda maabara kuliko kitu kingine chochote, naam, na maabara hiyo ilikuwa mikononi mwa wale waliomfukuza Krebs.

Jina lake halijapumzika. Wauzaji wa maji na vyakula, wadaio kwamba bidhaa zao huongeza oksijeni mwilini na kuponya saratani, hulitaja mbele ya wagonjwa pamoja na Tuzo yake ya mwaka 1931, ingawa tuzo hiyo ilitolewa kwa ugunduzi wa kimeng'enya cha upumuaji, wala si kwa rai yake juu ya asili ya saratani.