Tumaini na Bei Yake

Mwanadamu hutembea wima, na wima wake una gharama. Uzito wa kichwa, kifua na mikono hushuka wote juu ya nguzo moja ya pingili, na baina ya pingili na pingili kuna kisahani laini ambacho kazi yake ni kupokea kishindo. Kisahani hicho kikichakaa, mtu huweza kuinama kabla ya uzee kumwinamisha. Walakini insha hii si ya tiba, kwani mimi si tabibu. Nataka kuuliza swali la maadili: je, ni haki kumwuzia mgonjwa tumaini ambalo bado halijathibitika kuwa dawa?

Swali hili lilinijia Lusahunga, katika wilaya ya Biharamulo, kando ya barabara ipitwayo na malori yaendayo Rwanda na Burundi. Mjomba wangu alikuwa mchukuzi huko kwa miaka mingi. Alipakia na kupakua magunia ya mahindi, na mengi yalikuwa ya lumbesa, yale yaliyoshindiliwa na kuongezewa kichwa juu ya mdomo, kinyume cha sheria ya vipimo. Nilipokwenda kumwamkia nilimkuta amelala kifudifudi mkekani. Baada ya shikamoo na marahaba, alitoa chini ya mto karatasi ya Kiingereza aliyoletewa na dereva mmoja. Lilikuwa tangazo la zahanati ya nchi ya mbali. Lilisema kwamba chembe huchukuliwa katika uloto wa mgonjwa mwenyewe, zikadungwa katika kisahani kilichochakaa, nacho kikaota upya. Bei yake ilikuwa sawa na shamba lake lote la migomba.

"Wewe ndiwe mwalimu wa lugha, mpwa wangu," alisema. "Nisomee."

Nilimsomea. Nilipofika kwenye jina la chembe hizo nilisema kama tusemavyo siku hizi: seli shina. Uso wake uling'aa. Mkulima wa Kagera hahitaji kufafanuliwa neno shina. Mgomba hukatwa, shina likabaki ardhini, na chipukizi likatoka ubavuni mwake. "Basi," alisema, "ikiwa shina limo mwilini mwangu, mgongo wangu utachipua." Hapo nilitambua kwamba neno langu moja, tena neno sahihi, lilikuwa limemshawishi kuliko tangazo zima.

Hatuna budi kuwa waadilifu. Elimu ya seli hizi si uongo. Tangu miaka ya 1960 Alexander Friedenstein, mtaalamu wa Urusi ya Kisovieti, alionyesha kwamba katika uloto mna chembe ziwezazo kujenga mfupa. Kwetu hapa Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023 kuwapandikizia uloto watoto wenye selimundu. Lakini damu ni kitu kimoja na kisahani cha uti wa mgongo ni kitu kingine. Kisahani cha mtu mzima karibu hakina mishipa ya damu; chakula chake hupenya polepole kutoka katika mifupa iliyo juu na chini yake, na mapito hayo huziba kadiri kisahani kichakaavyo. Kupanda seli humo ni kama kupanda chipukizi la mgomba katika udongo usiopata mvua. Shina laweza kuwa zima na bado lisiote.

Wataalamu wamejaribu. Mwaka 2011 wagonjwa 10 walitibiwa huko Hispania kwa seli za uloto wao wenyewe. Maumivu yalipungua, lakini kimo cha visahani hakikurudi. Jaribio kubwa la watu 404 katika Marekani na Australia, lililotumia seli za watu wengine wazima, lilitoa matokeo yake mwaka 2021: baadhi ya wagonjwa walipata nafuu ya maumivu, lakini lengo kuu lililowekwa tangu mwanzo halikufikiwa. Tena uchakavu wenyewe si sawa na ugonjwa. Uchunguzi uliokusanywa mwaka 2015 ulionyesha kuwa miongoni mwa watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 walikuwa na visahani vilivyochakaa, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Picha ya mgongo, basi, yaweza kumwuzia mtu tiba ya kitu ambacho si asili ya maumivu yake.

Wako wasemao kuwa seli za watu wazima hazina tatizo la maadili, maana hazichukuliwi katika viinitete. Ni kweli kwamba ugomvi huo zimeuepuka. Ila mashaka ya maadili hayakuondoka kwa kuondoka kiinitete. Yamehamia katika neno. Arnold Caplan wa Marekani, ambaye mwaka 1991 alizipa baadhi ya seli hizi jina la shina, aliandika mwaka 2017 akitaka jina hilo libadilishwe, kwa kuwa lilikuwa likiwapa wagonjwa ahadi ambayo seli zenyewe hazitimizi. Ni mara chache mwenye kutaja kitu hurudi kukitaka radhi kwa jina alilokipa.

Msomaji aweza kunipinga. Atasema: mwenye maumivu ana haki ya kutumaini, na wewe uliyesimama wima ni nani hata umnyime? Pingamizi hili ni zito. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Hatuwezi kuwaita wote wajinga. Miongoni mwao walikuwamo wasomi na wakubwa. Walikwenda kwa sababu maumivu hayangoji ushahidi.

Hata hivyo twaweza kutofautisha. Mtafiti mwaminifu humwambia mgonjwa kuwa hajui, humweleza kuwa yaweza kuwa atadungwa maji ya chumvi tu, wala hamtozi bei ya shamba kwa kushiriki. Mwuzaji naye hajui, lakini humficha mgonjwa kutojua kwake, kisha hudai malipo. Wote wawili wana sindano ile ile. Tumaini la kwanza humwachia mgonjwa akili yake aamue. La pili humnyang'anya akili kwanza, halafu shamba. Haki ya kutumaini ni ya mgonjwa. Haimpi mwingine haki ya kulifanyia tumaini hilo biashara gizani.

Na liko jambo la pili, ambalo tangazo halikuligusa. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 lilitaka mzigo wa mwanamume mzima usizidi kilo 55. Gunia la lumbesa hupita mara mbili ya hapo. Lau seli zingemponya mjomba leo, kesho angerudi chini ya gunia lile lile. Jamii imwekeayo mtu mzigo wa kumvunja, kisha ikamwonyesha sindano ya ng'ambo, haijamtendea haki.

Nilimweleza yote haya kadiri nilivyoweza. Nilimwambia pia kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, liliweka mazoezi na elimu miongoni mwa tiba za maumivu sugu ya mgongo. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza: "Umeniokolea shamba, mwanangu. Mgongo je?"

Sikuwa na jibu. Shamba halikuuzwa, na asubuhi hutembea polepole baina ya migomba yake, kwa kuwa mwendo ni sehemu ya mazoezi aliyopewa. Maumivu yangalipo. Sidai kwamba ukweli ulimponya. Nadai tu kwamba ulikuwa haki yake, hata ulipokuja mikono mitupu. Nasi tufasirio elimu za watu kwa lugha yetu tukumbuke kwamba neno zuri likipandwa katika moyo wenye maumivu huota upesi sana. Yatupasa kuutazama udongo kabla ya kulipanda.