Amana ya Fundi

Mtu ampaye fundi gari lake humpa vitu viwili: chuma na amana. Chuma kina uzito na bei. Amana haina uzito, wala haiandikwi katika hati, lakini ikipotea hapana duka liuzalo nyingine. Je, mtu asiyeijua kazi ya fundi aweza kujuaje kuwa fundi huyo ni wa kuaminiwa? Kama aijua kazi, hana haja kubwa ya fundi. Kama haijui, hana kipimo cha kumpimia. Swali hili ni la kale. Plato alilichungua katika kitabu chake kiitwacho Charmides, na mazungumzo yale yakafika mahali pagumu: kwamba tabibu wa kweli na tabibu wa uongo hawezi kuwapambanua ila aliye tabibu. Kama ndivyo, wagonjwa wote wanakwenda gizani, na wenye magari wanawafuata nyuma.

Chukua mfano wa mwalimu mmoja wa Chake Chake mwenye Peugeot 404, gari la aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1960. Gari kuukuu kama hilo halitunzwi kwa fedha peke yake katika kisiwa cha Pemba. Vipuri vyake ni adimu, na vipatikanavyo huvuka bahari kwanza. Tena nchi ni ya vilima, na kilima ni mtahini asiyependelea mtu. Asubuhi moja, katika njia ya Wete, gari lilikohoa mwinukoni, likagonga, likafuka moshi, likazima. Lilipofikishwa kwa fundi, mwenyewe alikuwa amekwisha kulihukumu.

"Kabureta imekufa, Fundi. Nitafutie nyingine."

"Haijafa, Mwalimu, mpaka tuione maiti yake," akajibu fundi.

Hapo palikuwa na mlango wa faida. Mwenye gari alikwisha kukubali hasara. Fundi alikuwa na haja ya kunyamaza tu. Kuuza kabureta kungempa fedha nyingi kuliko kuichungua ya zamani. Lakini alichukua bisibisi.

Kazi ya kabureta ni ya mizani. Hewa ivutwayo na injini hupita katika koo jembamba. Mwendo wake huzidi, na kani yake ya kusukuma hupungua. Kwa sababu hiyo petroli hupanda kutoka katika kibakuli chake, ikapenya tundu dogo, ikatawanyika kama umande. Ili moto uwake vyema, uzani mmoja wa petroli huhitaji uzani wa hewa karibu 15. Uchafu ukiziba tundu, injini hufa njaa. Boya la kibakulini likitoboka, au sindano yake ikilika, petroli hufurika na moshi huwa mweusi. Hewa ikipenya palipolegea, injini hutetemeka gari likiwa limesimama. Kila ugonjwa una dalili yake, lakini dalili moja yaweza kuwa ya magonjwa mengi. Ndiyo maana fundi mwema hageuzi vitu viwili kwa wakati mmoja. Akigeuza viwili na gari likapona, hatajua kilichoponya ni kipi.

Fundi alitazama chujio, likawa safi. Alitikisa boya, halikuwa na tone ndani. Alipima sindano, ikakaa mahali pake. Plagi tu zilikuwa nyeusi. Kisha akachukua karatasi nyeupe, akadondosha matone ya petroli ya gari lile, na kando yake matone ya petroli aliyoijua. Wote wawili wakangoja kimya. Tone moja liliruka lote, karatasi ikabaki nyeupe. La pili liliacha doa la mafuta.

"Petroli hii ina mafuta ya taa. Umeinunua wapi, Mwalimu?"

Mwalimu aliinamisha uso. Alikuwa ameinunua katika chupa kando ya njia, kwa kuwa ilikuwa rahisi, na jambo hilo alilificha tangu mwanzo kwa haya. Fundi naye akasema neno zito zaidi: "Basi nami nilikosa. Mwezi uliopita nilikutoza kwa kusafisha tundu lisilokuwa chafu. Kazi ya leo hailipwi."

Kisa hiki ni kidogo, lakini hapana soko lisilo na mfano wake. Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika juu ya biashara ya magari yaliyokwisha kutumika. Alionyesha kuwa mnunuzi asipoweza kupambanua jema na bovu, hutoa bei ya wasiwasi. Wenye magari mema hujitoa sokoni, na mabovu hubaki. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Uongo, basi, haumwibii aliyedanganywa tu. Humfukuza mkweli barazani.

Tena humfikia asiyekuwamo. Tanzania Bara mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kwa kuwa yalikuwa nuru ya maskini. Walaghai wakayachanganya na mafuta ya magari. Mwaka 2010 EWURA ilianza kutia vinasaba katika mafuta ili yaliyoghushiwa yajulikane, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuua faida ya ulaghai. Dawa ilikuwa na sababu, lakini nani aliinywa? Mwenye koroboi, ambaye hakuwa na gari wala hakumdanganya mtu. Amana ikivunjwa, gharama yake haiulizi ni nani aliyeivunja.

Sasa lirudiwe swali la Plato. Ni kweli kwamba asiye fundi hawezi kuupima ufundi. Lakini aweza kuipima nia ya kuonwa. Hajui kabureta, karatasi yenye doa aijua. Hawezi kusahihisha hukumu ya fundi. Aweza kusikia fundi akijisahihisha mwenyewe. Yamkini mtu atasema kuwa ayari naye aweza kucheza mchezo wa karatasi. Aweza, mara moja. Lakini kushuhudia dhidi ya mfuko wako mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, katika mji mdogo ambamo kila mteja ni jirani, ni mchezo wa ghali mno kwa ayari. Mwongo hutaka faida, na njia hiyo haina faida ya haraka.

Wala amana si ya upande mmoja. Fundi alifanya kazi gizani mwezi mzima kwa sababu mwenye gari alimficha chupa. Atakaye kuambiwa kweli hana budi kuisema kwanza, hata ikimwaibisha.

Tangi lilimwagwa, plagi zikasuguliwa, petroli safi ikatiwa. Gari lilipanda vilima vya Wete kwa kabureta ile ile iliyodhaniwa imekufa.