Jina la Mama Huulizwa Makaburini

Mgeni anayeshuka botini Mbwera au Salale, ndani ya delta ya Rufiji, haulizwi kwanza anafanya kazi gani. Huulizwa ni mtoto wa nani. Atamtaja baba, atamtaja babu, na wazee watamfuata taratibu hadi wapate pa kumweka. Aghalabu majina hayo huwa ya wanaume watupu. Bibi aliyezaa ukoo mzima anatajwa kama mama fulani, na mama yake bibi huyo hatajwi kabisa.

Nimekuwa nikimtafuta mwanamke wa namna hiyo, bibi yake bibi yangu, aliyelima mpunga kwenye bonde la mto huu enzi za Malkia Victoria wa Uingereza, kati ya 1837 na 1901. Simtafuti kwa sababu ya urithi wala mpaka wa shamba. Kila hitima tunawaombea wazee wetu waliotangulia, nami nataka kujua ninamwombea nani.

Kazi zake zinajulikana, kwa kuwa hata leo hazijabadilika sana. Maji ya mafuriko yakishuka, alipanda kwenye tope lililobaki. Mpunga ukianza kuzaa, alihamia shambani na watoto, akakaa juu ya dungu akiamia ndege mchana na kusikiliza nguruwe usiku. Msimu ukipoa alisuka mikeka ya ukindu. Mchele wa Rufiji ulikwenda Unguja, na boriti za mikoko zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni na Ghuba, zikihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini. Hesabu ya boriti ilikuwa na mwandishi wake. Hesabu ya mikono iliyopika chakula cha wakata boriti haikuwa naye.

Nikimfikiria mwanamke wa rika lake kule London, mfua nguo asiyejua kusoma, naona tofauti. Uandikishaji wa vizazi, ndoa na vifo katika Uingereza ulianza 1837, na sensa ya 1841 iliandika watu kwa majina. Kitukuu wa mfua nguo yule anaweza kufungua daftari akaona siku aliyozaliwa bibi yake, mtaa aliokaa, na alama ya msalaba aliyoweka siku ya ndoa mahali pa sahihi. Hata hivyo, hata huko safu ya kazi mara nyingi iliachwa tupu mbele ya jina la mke, ingawa mikono yake ilikuwa imechubuka kwa sabuni.

Serikali ya malkia huyohuyo ilifika Rufiji na kalamu yake. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alisaini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Wafanyabiashara wakahamia nchi kavu, misafara ikitoka Kilwa kuelekea kaskazini na kuvuka mto huu. Mwishoni mwa mwaka huo Frederic Elton, ofisa wa ubalozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alisafiri kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa akihesabu waliopita. Katika muda wa mwezi mmoja tu alihesabu zaidi ya watu 4,000. Taarifa yake ilisaidia, kwani mwaka 1876 Sultani alipiga marufuku misafara hiyo nayo. Lakini walioandikwa pale ni idadi. Kila mmoja alikuwa na mama aliyempa jina, na jina hilo halikuvuka mto pamoja na hesabu.

Wachache waliandikwa kwa majina. Swema, binti wa Kiyao, alichukuliwa kwa sababu ya deni. Mama yake aliomba aufuate msafara akibeba mzigo ili asitengane na mwanawe, na nguvu zilipomwishia akaachwa njiani. Mtoto alifikishwa Kilwa, akapakiwa chomboni kwenda Unguja. Alifika akiwa hoi, akazikwa akiwa hai. Kijana mmoja alisikia sauti yake, akamfukua na kumpeleka misheni ya Kikatoliki, nako katika miaka ya 1860 Padri Anton Horner aliandika habari zake. Simulizi hiyo inasema kwamba baadaye Swema alimuuguza yule mtu aliyekuwa amemmiliki, akamsamehe.

Msamaha huo ulifanya habari zake zisambae Ulaya, maana misheni ilihitaji ushuhuda. Mimi fikira zangu hubaki kwa yule mama. Hakuna aliyemlazimisha kufuata. Alibeba mzigo wa mtu mwingine kwa hiari ili awe karibu na mtoto wake kwa siku chache zaidi. Nikiambiwa nionyeshe ibada iliyofanywa bila mimbari wala shahidi, nitaitaja hiyo.

Kisha walikuja Wajerumani. Waliweka ofisi Muhoro, wakadai kodi ya kibanda kuanzia 1898, wakashurutisha watu kulima pamba, hadi Vita vya Maji Maji vikalipuka 1905 kwenye milima ya Matumbi, kusini ya mto. Daftari la kodi lilimtaka mwenye kibanda, na mwenye kibanda alihesabiwa kuwa mwanamume. Nimejifunza kwamba kalamu ya mtawala huenda palipo na kitu inachokitaka: kodi, pamba, boriti, nguvu za mtu. Mwanamke aliyewalisha wote hao aliingia daftarini pale tu alipodaiwa.

Na bado ipo saa moja ambapo jina lake hutafutwa na watu wote. Kwa wengi wetu wa pwani tunaofuata madhehebu ya Shafi, maiti akishafukiwa husomewa talkini, na msomaji hugeuka kuuliza: mama yake anaitwa nani? Mtu aliyeitwa kwa jina la baba maisha yake yote sasa anaitwa kwa jina la mama. Asipojulikana, husemwa mwana wa Hawa. Wapo masheikh wasioikubali talkini, nami simwingilii mtu katika hilo. Ninachokiona ni kwamba jina hufuata upande wa baba, na dua inarudi tumboni ilikoanzia.

Kwa hiyo majina ya bibi zetu yamehifadhiwa vinywani mwa waliosimama makaburini. Vinywa hivyo navyo vinafungwa. Kuanzia 1968 serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu, na makaburi yakabaki nyuma. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia Muhoro na vijiji vingi vya Rufiji na Kibiti, yakabeba nyumba na masanduku ya karatasi. Ni kweli kwamba kuanzia 1998 utafiti wa afya uliosimamiwa baadaye na Taasisi ya Afya ya Ifakara ulipita nyumba hadi nyumba kila miezi minne, Kibiti na Ikwiriri zikiwemo, ukiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa na kwa ugonjwa gani. Wajukuu wa leo wataonekana katika maandishi hayo. Waliozaliwa kabla yao wanatutegemea sisi.

Nimejiuliza mara nyingi: ikiwa Mola anamjua, mimi namtafutia nini? Jibu nililolipata ni hili. Yeye hapungukiwi na kutojulikana kwake kwangu, kwani Aliyemuumba hakumpoteza hata siku moja. Anayepungukiwa ni mimi, ninayekula mchele wa bonde lake na kumshukuru kwa jumla, kama anayeitikia salamu bila kumtazama aliyeitoa. Kuunga udugu ni amri, na wafu ni ndugu.

Basi ndugu msomaji, kabla ya hitima ijayo nyumbani kwenu, kaa chini na mama yako au shangazi yako mkubwa. Muulize jina la mama yake, kisha la bibi yake upande wa mama, na kijiji alichozikwa. Andika katika daftari ambalo watoto wanajua linapowekwa. Siku ya dua, majina hayo yasomwe kwa sauti pamoja na ya wanaume.